Toa kwa Hesabu Nane

Langoni, Lamu
Jumamosi, 7 Agosti 1965

Kwa Bwana Karani wa Vibali, Mkokoni.

Miezi minane ulilala katika chumba chetu cha juu, ukala katika sinia letu, nami nikikuita mwanangu Rufus. Katika barua hini nakuita Bwana Karani, kwa sababu huyo ndiye niliyemwona juzi kwenye dirisha la ofisi yako.

Ndugu yangu mdogo, Fadhil, yumo kizuizini kwenu tangu tarehe mosi. Alikuja Mkokoni kupuliza zumari arusini, kama ajavyo kila mwaka baada ya Maulidi, na kibali chake mfukoni. Askari alitazama orodha yenu, akaweka kidole juu ya jina lake, akamwambia, "Wewe umeandikwa uzuiliwe. Wapeleka ishara kwa shifta." Fadhil akacheka. Alidhani ni mzaha wa arusini. Walipomfunga mikono alikuwa bado yuwacheka, na waliokuwapo wasema bwana arusi ndiye aliyelia.

Ishara ya nini? Mtu yuwapuliza zumari mbele ya watu mia mbili, na sinia la tunzo miguuni pake! Ni mwasi gani wa shifta atakayekaa msituni na bunduki kungoja chakacha?

Alhamisi nilipanda boti ya posta nikaja. Gatini nikaambiwa jina la baba yangu ni lile lile la baba wa mtuhumiwa, basi nisishuke. Nikasimama ndani ya boti, juani, mikono juu ya kichwa kama mwizi wa kuku, na ofisi yako iko hatua hamsini. Uliinua mato ukaniona. Kisha ukainama, ukachovya kalamu.

Nataka jambo moja tu. Fungua hiyo orodha, ulinganishe mstari wa Fadhil na orodha ya asili. Tumesikia waliozuiliwa watapelekwa bara Jumapili tarehe 29, na anayepelekwa huko hapana ajuaye yuwarudi lini.

Badawi Aqil
Mshona kofia


Mkokoni
Jumanne, 10 Agosti 1965

Bwana Badawi,

Salaam. Barua yako ya tarehe 7 niliipokea jana saa saba mchana. Nitaijibu kwa utaratibu, ingawa wewe hukuiandika kwa utaratibu.

Orodha iliyopo hapa niliinakili mimi kutoka orodha ya asili iliyoletwa kutoka Lamu: majina mia mbili na kumi na manne, na maelezo ya kila jina. Ile ya asili ilirudishwa Lamu siku ya pili yake. Bwana Phineas, mkuu wa ofisi yetu, ameitia nakala sahihi yake, na karatasi yenye sahihi haifunguliwi upya kwa sababu ya barua ya mshona kofia. Unanijua mimi. Hata shati langu nalikunja kwa rula. Sikunakili vibaya.

Alhamisi sikukuona. Nilikuwa na kazi nyingi.

Fadhil ni mzima na anakula. Zumari yake imefungiwa kabatini. Askari alitaka iandikwe "chombo cha ishara" katika daftari la vitu vilivyochukuliwa. Mimi nilikataa, nikaandika "zumari moja ya mbao". Kwa hiyo usiseme sijafanya lolote.

Sasa nina swali, na naomba ulijibu kama mwalimu, si kama kaka wa Fadhil. Tarehe 28 nitakimbia maili tatu Mombasa, katika mashindano ya watumishi wa serikali. Atakayeshinda atapelekwa Nairobi kusomea ualimu wa michezo, na hiyo ndiyo njia yangu ya kutoka katika ofisi hii ya majina. Hujui ninavyoichukia. Nakimbia kila jioni kwenye mchanga mgumu, na kila siku naandika katika diari muda niliotumia, na idadi ya majina niliyonakili mchana. Siku ya majina thelathini natumia dakika kumi na sita na nusu. Siku ya majina mia moja, miguu ile ile, chakula kile kile, dakika kumi na nane. Zoezi la pumzi ulilonifundisha halinisaidii tena. Navuta kwa hesabu nne na kutoa kwa hesabu sita, maana nane inakula muda, mara kumi na mbili, lakini kichwa kinabaki kizito na kifua kinakaza. Nakosea wapi?

Nikishinda nitakutana na wakubwa huko Mombasa, na huenda nikapata nafasi ya kutaja habari za Fadhil.

R. Wafula


Langoni, Lamu
Jumapili, 15 Agosti 1965

Bwana Karani,

Barua yako nimemsomea mke wangu, Bi Mwanaarabu. Nilipofika pale pa shati na rula akasema, "Ee, na moyo nao aukunje kwa rula hiyo hiyo." Mimi nilitoka nde, nikaichomeka sindano katika kofia, nikakaa barazani.

Kwa hiyo Jumamosi utakimbia. Jioni utapewa kikombe na kushikwa mkono, na katikati ya picha na soda utamtaja ndugu yangu. Na Jumapili alfajiri yuwapakiwa. Ahsante sana. Nitamwambia Umi, mkewe, afurahi.

Umeniuliza kama mwalimu, na swali la mwanafunzi silikatai hata likiwa la kuudhi. Sikiza. Umelipindua somo langu. Wewe waanza kwa kuvuta, kifua mbele, kama askari kwenye gwaride. Mimi nilikwambia toa kwanza. Keti, mgongo ukutani. Bana midomo kama iliyoshika mwanzi wa zumari, utoe mpaka tumbo liingie ndani. Ndipo uvute kwa pua, nne. Kisha toa, nane. Si sita. Wasema nane yala muda. Hapo kwenye saba na nane ndipo akili inapoacha kukimbizana. Hesabu kwa vifundo vya vidole, ili akili uipe kazi ndogo isiyoweza kuikosea.

Lakini hukuniuliza hata siku moja mimi nilijifunza kwa nini. Nilikuwa na miaka ishirini. Mchana nashona kofia, jioni napuliza zumari nyuma ya mwalimu wangu. Kofia ni matundu. Wahesabu mia, wahesabu elfu, jicho halina ruhusa ya kutoka. Jioni moja arusini pumzi ilinikatikia katikati ya wimbo. Wanawake wakapiga kelele, "Mpeni uji! Mpeni uji huyu!" Mwalimu wangu akanivuta kando. "Mapafu yako hayana neno," akasema. "Yeo mchana ulishona kofia ya nani?" Asubuhi akanikalisha, tukahesabu tundu moja moja. Nilikuwa nimeruka safu nzima na sikujua. Tangu siku hiyo hini ndiyo kanuni ya nyumba yetu: jioni pumzi ikikataa, asubuhi tunaikagua kazi ya jana. Kosa likipatikana, kofia inafumuliwa, hata iwe ya nani.

Wewe una diari. Siku uliyoandika jina la ndugu yangu, jioni miguu yako ilisema nini?

Badawi Aqil


Mkokoni
Jumatano, 18 Agosti 1965

Bwana Badawi,

Usinifundishe kazi yangu. Kofia ni kofia, na hati ya serikali ni hati ya serikali. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na katika mtihani wa ukarani nilikuwa wa kwanza kati ya watu arobaini. Sitapimwa kwa uji wa harusini.

Unajua ni watu wangapi wanakuja kwenye dirisha hili? Huyu ameleta samaki, huyu ameleta jina la mkubwa fulani anayemjua, wote wanataka niwafutie mstari mmoja mdogo. Wote wanasema ndugu yao hana kosa. Nikimgusa Fadhil kwa sababu nililala kwenu, hao wengine nitawaambia nini? Au haki ni ya wenye vyumba vya kupangisha?

Tena barua zinazokuja hapa hupita kwanza mezani kwa Bwana Phineas. Yako ameisoma kwa sauti mbele ya askari. "Toa! Vuta! Toa!" alisema. "Wafula, hii ni ofisi ya vibali au ni kliniki ya wajawazito?" Sasa hata nikikohoa wananiambia, "Sukuma, Wafula, sukuma!" Ahsante kwa somo.

Usiniandikie tena mpaka tarehe 28 ipite.

R. Wafula
Karani wa Vibali


Langoni, Lamu
Jumamosi, 21 Agosti 1965

Wafula,

Umemkataza mume wangu kukuandikia. Mimi hukunikataza. Nasema mimi, yuwaandika binti yangu Swafiya, na nimemwambia asilainishe neno. Na huyo mkubwa wako akitaka kuisoma hini mbele ya askari, aisome, amkumbuke na mamake.

Hiyo diari uliandika juu ya mkeka wangu, kwa taa yangu. Kila jioni nikiwaambia watoto nyamazeni, Rufus yuwaandika. Ulipopatwa na homa ulitaka mimi nikuandikie "Leo sikukimbia". Nikakwambia mimi sijui kuandika, ukalia kama mtoto. Kisha ukaandika mwenyewe, mkono ukienda kombo, ili siku ile isiwe tupu. Mtu wa namna hiyo asiniambie hajui siku aliyoandika jina la shemeji yangu. Wajua. Waogopa kufungua.

Fadhil ndiye aliyekubebea sanduku begani ulipoletwa hapa mara ya kwanza, na kukwambia usiogope, watu wa mji huu hawali watu wa bara. Yeo Umi yuwaja kila asubuhi, yuwakaa mlangoni pangu. Namwambia barua imekuja. Kilichomo namficha, kwa aibu yako.

Shuka zako mbili na sufuria yako viko kwangu. Usipofungua hiyo diari, njoo uvitwae. Nitakutolea nde. Kizingiti hutakivuka.

Mwanaarabu binti Athman

Mimi Swafiya naongeza hapa: mama yuwalia huku yuwasema, lakini amenikataza kuandika hilo.


Mkokoni
Jumanne, 24 Agosti 1965

Bwana Badawi na Bi Mwanaarabu,

Barua hii nitaitia posta mwenyewe nikifika Lamu kesho, ili isipite kwenye meza ya mtu.

Nimeifungua. Niliifungua ili nipate neno la kuwarudishia. Nanakili kama ilivyo:

"Jumatano, 21 Julai. Majina 214. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, bila mapumziko. Bwana Phineas anataka yote leo. Jioni maili tatu, dakika 20 na sekunde 10. Muda mbaya kuliko yote mwaka huu. Nilisimama mara mbili. Miguu haiumi. Sielewi."

Niliandika "sielewi", nikaenda kulala. Mwezi mzima nimekuwa nikilaumu mchanga.

Jana jioni nilibaki ofisini peke yangu na nakala. Mstari wa 140 ni mwuza mkaa: "mrefu, ana ndevu nyingi, ruhusa hadi Desemba". Mstari wa 141 ni mwanamke wa Siyu. Maelezo niliyomwandikia: "mrefu, ana ndevu nyingi, ruhusa hadi Desemba". Rula iliteleza. Niliandika maelezo ya mtu mmoja mara mbili, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa ukurasa, mstari wa 171, kila mtu amepewa maelezo ya mtu aliye juu yake. Watu thelathini na mmoja. Fadhil ni wa 158. Hayo ya kupeleka ishara ni ya wa 157. Na kwa kuwa Fadhil ni mpuliza zumari, hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa. Hilo ndilo linalonitia kichaa.

Niliuandika ukurasa wote katika diari, kisha leo asubuhi nikamwendea Bwana Phineas. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Wewe na mimi."

"Basi hakuna anayejua. Sahihi iliyo hapo ni yangu, Wafula, si yako. Nenda Mombasa ukakimbie. Ukirudi na kikombe, tutaiangalia."

"Nikirudi watakuwa wamekwisha kupelekwa."

"Bara kuna ugali mzuri," akasema. "Wewe mwenyewe hukukulia huko?"

Ameichukua nakala, ameifungia, na ufunguo ameutia mfukoni. Kesho boti ya kambi itanipeleka Lamu, na alfajiri ya Ijumaa msafara wa magari utaondoka Mokowe kwenda Mombasa.

Alhamisi ile nilikuona. Ulivaa kofia yenye safu za buluu. Niliendelea kuandika mpaka boti ikageuka, na sijui niliandika nini.

Nina hasira na Bwana Phineas. Nina hasira nanyi kwa kunifungulisha diari. Nina hasira na rula.

R. W.


Langoni, Lamu
Alhamisi, 26 Agosti 1965, baada ya Alasiri

Wafula,

Asubuhi posta wamenipa barua yako. Nimeisoma mara mbili, nikamwambia Bi Mwanaarabu, "Mtoto amefumbua mato. Sasa atafanya." Nikatuma mtu akamwite Umi. Nikamwambia Umi!

Saa nane Swafiya akaingia yuwahema. "Baba, nimemwona Rufus! Yuwakimbia ufuoni kuelekea Shela, viatu vimefungwa shingoni, midomo ameibana kama mzumari."

Wafanya mazoezi. Wajua ndugu yangu hana neno, wajua mstari, wajua namba, nawe umeshuka katika mji huu kunyoosha miguu kabla ya mashindano. Na kwa pumzi yangu! Pumzi ambayo mwalimu wangu alinipa mimi ili nisiharibu kofia ya mtu, nikakupa wewe bure, barazani kwangu, kwa sababu nilikuona umechoka nikakuhurumia.

Hebu nikwambie usilolijua. Siku ile ulishika kalamu saa tisa mfululizo. Ungeiweka chini mara moja tu kabla ya ukurasa ule, ukaegemea ukuta, ukatoa mara kumi na mbili, ndugu yangu yeo yuko kwake. Wala hukukumbuka. Akili ya kuandikia watu uliiacha ife kwa uchovu. Akili ya kukimbilia ndiyo uliyoipumzisha, kila jioni, kwa saa na kwa daftari.

Nilikimbilia gatini na umri wangu huu. Wakaniambia umekwisha kupanda boti. Hakuna aliyejua ni ya wapi, na itakuwa ya wapi kama si ya Mokowe?

Basi kimbia. Nakuombea ushinde. Kikombe ukiweke mahali utakapokiona kila asubuhi. Nami usiniite mwalimu tena, kwa mdomo wala kwa barua, katika nti hini au nyingine.

Badawi Aqil


Mkokoni
Jumatatu, 30 Agosti 1965

Bwana Badawi,

Boti ya posta imeniletea barua yako ya Alhamisi, na inapakua mizigo sasa. Nina nusu saa. Fadhil amekwisha kukaa ndani yake, na atakukabidhi hii akikubali kuipokea mkononi mwangu.

Ni kweli nilikimbia kwenda Shela.

Jumatano usiku nililala kwa karani mwenzangu karibu na ngome. Sikuja kwenu kwa sababu sikuwa na uso wa kuja. Alhamisi saa mbili nilikuwa kwenye ofisi inakotunzwa orodha ya asili. Roselyn, mpiga chapa, alinitolea, nikaanza kulinganisha na ukurasa niliouandika katika diari. Mistari thelathini na mmoja, na kwa kuwa sijiamini tena, nikairudia yote mara nne, kisha nikairudia kuanzia chini kwenda juu. "Fadhil Aqil, mpuliza zumari, wa Langoni, hana neno, aruhusiwe." Roselyn akapiga chapa masahihisho. Ilipofika karibu saa nane ikabaki sahihi ya mkubwa, na mkubwa alikuwa kitandani na homa, nyumbani kwa rafiki yake Shela. Boti ya Mkokoni ingeondoka saa tisa, na hakuna nyingine mpaka Jumatatu.

Nilisimama nikaona ngazi mbili mbili. Miguu ilikuwa ile ya tarehe 21 Julai. Basi nikaketi pale chini, mgongo ukutani. Nikatoa kwanza, kama ulivyosema. Roselyn akauliza kama nina kifafa. Nikamwonyesha kidole angoje. Mara kumi na mbili, nikivihesabu vifundo. Kisha nikavua viatu.

Mkubwa alitia sahihi akiwa chini ya chandarua, akaniuliza kwa nini nimelowa. Boti walikuwa wanaivuta kamba nilipofika gatini. Muda niliotumia sikuupima. Ni siku ya kwanza tangu nianze diari.

Ijumaa asubuhi Bwana Phineas aliisoma karatasi, akaisoma tena. "Umenipita," akasema. Akaita askari, akafungua mlango. Mchana akaandika katika faili langu kwamba nimevunja ngazi ya kazi, na jina langu limeondolewa katika ualimu wa michezo, si mwaka huu tu. Mtu wa mstari wa 157 hajulikani alipo. Juzi Jumamosi saa kumi, saa ya mbio, nilikuwa mstari wa 63. Nimeamriwa kunakili upya majina yote.

Fadhil amekaa uwanjani siku tatu akingoja boti. Nilimpelekea chai, akaimwaga polepole mbele yangu. Zumari nimemrudishia mwenyewe. Aliigeuza, akaichungulia tundu, akaifunga ndani ya shati lake.

Diari imebaki Lamu, ni ushahidi. Naandika hesabu zangu nyuma ya karatasi za vibali vilivyoharibika. Kila baada ya majina ishirini naweka kalamu chini, naegemea ukuta, natoa kwanza. Foleni nje inanitukana. Bibi mmoja wa Siyu alisema, "Tazameni, serikali imelala na mato wazi!" Bwana Phineas akipita husema, "Sukuma, Wafula." Nawaacha waseme. Navuta kwa nne, natoa kwa hesabu sita, mara kumi na mbili, ndipo nashika rula.

Sina la kukuomba.

Rufus Wafula


Langoni, Lamu
Jumatano, 1 Septemba 1965

Rufus,

Fadhil amefika. Umi alimpiga kofi kwanza kwa kuwaambia watu gatini kwamba yuko salama kabla hajamwambia yeye, kisha akamshika asimwachie. Barua yako alinitupia mapajani. Zumari i ndani ya kitambaa, hajaigusa. Arusi ya keshokutwa wamemtwaa mpulizaji mwingine kutoka Siyu, eti wageni wa bara wasije wakashtuka. Watoto wa mtaa wamempa jina, wamwita Ishara. Yuwapita, wao wakipiga mbinja.

Niliyokuandikia Alhamisi kuhusu kukimbia niliandika kwa kutojua, nayarudisha. Niliyoandika kuhusu kalamu siyarudishi. Kofia naweza kuifumua. Siku ishirini na sita za ndugu yangu nitazifumua vipi? Bado nina hasira nawe, na usidhani itapoa kwa sababu ulivua viatu. Bi Mwanaarabu amezifua shuka zako na kuzianika juani. Nimemwuliza kwa nini, akaniambia nishone kofia yangu.

Nilikuwa nimeazimia nisikujibu. Lakini tangu jana kuna mahali katika barua yako panaponizuia kazi. Nashona matundu kumi, narudi kupasoma. Umeandika sita. Baada ya yote haya, bado ni sita. Watu mia mbili na kumi na wanne wako chini ya mkono huo, na wa mia mbili na kumi na watano yuwangoja foleni.

Nane, Rufus. Watukane, wasukume, wapige mlango. Nane.

Badawi Aqil